Mpwa wangu alitolewa maji ya mgongo na sasa haitiki akiitwa. Je, ni ile sindano?

SWALI: Daktari, mtoto wa dada yangu ana miaka miwili na nusu. Mwezi uliopita alishikwa na homa kali usiku, akapata degedege. Asubuhi tulimpeleka zahanati hapa karibu na Ahero, akapimwa kidole, malaria ikaonekana, akadungwa sindano. Kesho yake alikuwa bado hajaamka vizuri, analia akiguswa na shingo imekakamaa. Tukapewa barua ya rufaa twende Kisumu. Huko daktari alimwanzishia dawa papo hapo, akasema ni lazima atolewe maji ya mgongo. Mama mkwe wa dada yangu akakataa katakata. Anajua mtoto aliyetolewa maji akafa, na mwingine ambaye tangu siku hiyo hatembei sawasawa. Shemeji alikuja kutia sahihi kesho yake jioni. Majibu yakasema ni homa ya uti wa mgongo, kwamba usaha umeonekana lakini kijidudu hakikuota. Alidungwa dawa wiki mbili tukarudi nyumbani. Sasa anakula na anacheza, ila ukimwita akiwa amekupa mgongo hageuki, na akitembea huyumba. Nyanya yake anatuambia, "Niliwaonya." Je, ni ile sindano? Ilikuwaje malaria ikageuka ugonjwa huu? Na ndugu zake wawili, wa miezi minne na wa miaka sita, wako hatarini?

JIBU: Dada, maswali yako nitayajibu yote, lakini kuna jambo moja haliwezi kungoja: mtoto huyo apimwe masikio wiki hii. Msiseme "tumwangalie kwanza," wala msingoje tarehe ya kliniki ikiwa iko mbali. Kila mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo ya bakteria anapaswa kupimwa masikio kabla ya kutoka hospitalini, au ndani ya wiki nne hivi baada ya kutoka. Wengi hawapimwi, kwa sababu siku ya kuruhusiwa kila mtu anafurahi kwamba mtoto amepona na anakula.

Sababu ya haraka ni hii. Bakteria wanapovimbisha utando unaofunika ubongo, ule uvimbe haukai mahali pamoja. Maji yanayouzunguka ubongo yameungana, kwa kijia chembamba sana, na maji yaliyo ndani ya sikio la ndani. Uvimbe hupita hapo ukaingia katika koklea, kiungo kinachogeuza sauti kuwa habari ya neva, na seli za kusikia zilizomo humo zikifa hazioti tena. Kisha, katika majuma na miezi inayofuata, koklea iliyoumia huweza kuanza kujaa mfupa. Ikishajaa, kile kifaa cha kusikia kinachopandikizwa kwa upasuaji hakina pa kupita, hata familia ikipata pesa na daktari wa kukiweka. Ndiyo maana wiki moja hapa si sawa na wiki moja ya kikohozi.

Kuyumba kwake ni habari hiyo hiyo. Kiungo cha mizani kimekaa ubavuni mwa koklea, ndani ya mfupa ule ule. Kikiumia, mtoto aliyekuwa akikimbia huanza tena kushika kuta, hutanua miguu akisimama, na gizani huanguka zaidi kwa sababu macho ndiyo yanayomsaidia kujishikilia. Wengi hurudia kutembea vizuri baada ya muda, maana macho na misuli hujifunza kazi mpya. Hebu sasa mfikirie yule mtoto mwingine wa kijijini ambaye "tangu siku hiyo hatembei sawasawa." Sijamwona, na homa hii inaweza kumlemaza mtu kwa njia nyingine pia, lakini ningependa sana kujua kama anasikia.

Msijaribu kumpima wenyewe kwa kupiga makofi nyuma ya kichwa chake. Atahisi upepo na mtikisiko, atageuka, nanyi mtalala mkiwa na amani isiyo ya kweli. Angalieni badala yake maneno yake. Mtoto wa umri huo aliyekuwa akisema "nataka chai" akiacha kusema, au akibaki na vilio na kuvuta watu nguo, huyo hasikii vya kutosha. Hospitalini kuna kipimo kinachosoma jinsi neva ya sikio inavyojibu mlio mtoto akiwa amelala, kwa hiyo hahitaji kujua kujibu maswali. Ulizieni kliniki ya masikio, pua na koo katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Russia. Nendeni na karatasi ya kuruhusiwa. Mkifika mezani semeni wazi: "Alikuwa na homa ya uti wa mgongo mwezi uliopita na hasikii." Mkisema tu "ana shida ya sikio" atapangwa foleni moja na wenye nta. Kila kaunti ina pia kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, kilicho chini ya Wizara ya Elimu, nacho hakimkatai mtoto mdogo kwa kuwa hajafikisha umri wa shule.

Sasa ile sindano. Haikumharibu masikio, na nitakueleza inavyofanywa ili uweze kumwelezea nyanya, kwa sababu watu wengi wanaoiogopa hawajawahi kuiona. Familia hutolewa nje, mlango hufungwa, kinachosikika ni kilio tu. Sioni ajabu wanabaki na picha mbaya.

Mtoto hulazwa ubavu. Muuguzi humkunja, magoti yaje kifuani na mgongo uinuke kama upinde, naye humshika hivyo kwa nguvu kidogo. Hapo ndipo kilio kikubwa hutoka, kabla hata sindano haijatokea, kwa maana mtoto mwenye shingo iliyokakamaa anachukia kukunjwa. Daktari hupapasa ncha za juu za mifupa ya nyonga, akafuata mstari kutoka hapo hadi katikati ya mgongo. Anajikuta kwenye pingili ya nne ya kiuno. Hupasafisha, kisha huingiza sindano nyembamba katikati ya pingili mbili za hapo chini. Uti wa mgongo wenyewe, ule mshipa mnene wa neva unaoshuka kutoka kwenye ubongo, haufiki pale. Kwa mtu mzima huishia kiunoni juu, kwenye pingili ya kwanza au ya pili, na kwa mtoto mdogo hushuka chini kidogo ya hapo. Mahali sindano inapoingia kuna neva chache tu zinazoelea ndani ya maji, nazo huteleza pembeni zikiguswa. Mara nyingine mtu huhisi mshtuko unaokimbia mguuni, ukapita.

Maji hayavutwi. Hudondoka yenyewe, tone kwa tone, ndani ya vichupa viwili au vitatu, mililita moja hivi kila kimoja. Jumla yake kwa mtoto haifiki hata kijiko kimoja cha chai. Mwili wa mtu mzima una takriban mililita 150 za maji haya, nao hutengeneza karibu mililita 500 kila siku, maana yake huyabadilisha yote zaidi ya mara tatu kati ya asubuhi na asubuhi. Wa mtoto nao hurudisha kilichotolewa ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo lile wazo la "kukausha uti" halina msingi. Vijana na watu wazima huweza kuumwa na kichwa siku chache baadaye, zaidi wakikaa wima. Watoto wadogo si sana.

Maji ya mtu mwenye afya huwa maangavu kabisa, ungedhani yametoka bombani. Ya mpwa wako, kama maabara iliona usaha, yalitoka na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Daktari akiona hivyo anajua jibu kabla kichupa hakijaondoka mkononi mwake. Maabara huhesabu seli nyeupe, ambazo kwa kawaida ni chache mno, na hupima sukari. Bakteria na seli zinazopambana nao hutumia sukari, kwa hiyo katika homa hii hushuka chini sana ikilinganishwa na ya damu. Kisha hujaribu kuotesha kijidudu. Daktari Mjerumani Heinrich Quincke aliielezea njia hii mwaka 1891. Mashine nyingi zimekuja tangu wakati huo, na mpaka leo hakuna hata moja inayoweza kutazama nje ya mgongo ikatuambia ni kijidudu gani kimo ndani.

Nyanya hakusema uongo. Aliona mtoto akidungwa, kisha akaona jeneza. Lakini kipimo hiki hatumfanyii mtoto mwenye mafua. Tunamfanyia yule ambaye tayari haamki, hanyonyi, au anashtuka mwili upande mmoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu 6 wanaopata homa ya uti wa mgongo ya bakteria, 1 hufa, na kati ya 5, 1 hubaki na athari kubwa kama uziwi, kifafa au udhaifu wa viungo. Kijiji chochote kitakachowakumbuka watoto wake waliodungwa mgongo kitakumbuka makaburi. Kingewakumbuka pia wale waliokataa wakafia nyumbani, ila hao huandikwa kwenye hesabu ya malaria iliyopanda kichwani, au ya mkono wa mtu.

Hatari za kweli zipo, nami sitazificha. Shinikizo ndani ya fuvu likiwa juu mno, kutoa maji chini kunaweza kuufanya ubongo usogee kuelekea chini na kubana sehemu inayoendesha pumzi. Kwa hiyo kabla ya kuchukua sindano daktari huangalia mboni za macho kama ziko sawa, jinsi mtoto anavyopumua, na kama upande mmoja wa mwili umelegea. Huangalia pia kama ngozi ya kiunoni ina kidonda au mtoto anavuja damu kwa urahisi. Akiona dalili hizo yeye mwenyewe huahirisha, na hilo si jambo la familia kumshawishi. Dawa, hata hivyo, haziahirishwi. Ndivyo walivyomfanyia mpwa wako: walimwanzishia matibabu papo hapo, sahihi ikiwa bado inabishaniwa. Hilo huenda ndilo lililomwokoa.

Kilichopotea katika ule mjadala wa siku moja na nusu ni jina la kijidudu. Antibiotiki zikishaingia mwilini, bakteria hufa ndani ya saa chache na hawaoti tena maabara, hata usaha ukiwa bado umejaa. Daktari amebaki na maji machafu yasiyo na mwenyewe. Akatibu kwa muda mrefu na kwa upana, akiwalenga wale wote wanaoweza kuwa wamefanya hivyo. Kwa mtoto hili limetosha. Linatusumbua zaidi tukija kwa ndugu zake, kama utakavyoona.

Malaria haikugeuka kitu kingine. Hili ningependa lijulikane kandokando yote ya Ziwa Viktoria, kuanzia Busia hadi Migori, kwa sababu hapa ndipo linapotuponza zaidi. Katika maeneo yenye malaria nyingi kama yetu, mtoto anaweza kubeba vimelea kwenye damu bila kuugua kwa ajili yao. Kinga yake imewazoea kidogo. Tena kile kipimo cha kidole hutafuta protini ya kimelea, si kimelea chenyewe, nayo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa akapona. Kwa hiyo mistari miwili kwenye kipimo inakwambia kwamba malaria ipo au ilikuwepo juzijuzi. Haikwambii kwamba malaria ndiyo inayomtia mtoto degedege usiku huu. Watu wa zahanati hawakukosea kumtibu malaria. Ipo, inaua, na malaria kali ya ubongo, ambamo chembe za damu zenye vimelea hunata na kuziba mishipa midogo kichwani, inafanana na homa ya uti wa mgongo kiasi kwamba hata mzoefu hawezi kuzitenganisha kwa macho. Mtoto mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili.

Ndiyo sababu mtoto aliyezimia mwenye kipimo cha malaria bado hutolewa maji ya mgongo, na hadi majibu yatoke hupewa artesuneti, dawa ya malaria kali, na antibiotiki kwa pamoja. Wazazi huuliza, "Si mmeshaona malaria, mnatafuta nini tena?" Swali zuri, na jibu lake ndilo hilo. Kuhusu degedege, nalo ni la kawaida kwa homa yoyote kati ya miezi 6 na miaka 5. Likiisha mtoto akaamka baada ya nusu saa, akamtambua mama yake na akanywa, mara nyingi si ubongo. La mpwa wenu lilijitofautisha kwa kile ulichokiandika katika sentensi fupi: kesho yake alikuwa bado hajaamka. Mtoto akiwa chini ya miezi 6 au amezidi miaka 5, au degedege likishika mkono na mguu wa upande mmoja tu, tunawaza ubongo tangu mwanzo.

Kabla sijafika kwa ndugu zake, niseme kidogo kuhusu watu wazima wa nyumba hiyo, kwa kuwa hadithi ya nyanya itawafikia nao. Kwa mtu mzima anayeishi na VVU na ambaye kinga yake imeshuka, adui mkubwa ni fangasi aitwaye kriptokokasi. Hana haraka. Kichwa huuma wiki mbili, tatu, dawa za maumivu hazisaidii, macho huanza kuona vitu viwili viwili, na mara nyingi shingo haikakamai. Damu kidogo inaweza kuonyesha kwamba fangasi yumo mwilini, lakini mgongoni ndiko tunakothibitisha. Na hapa sindano si kipimo tu. Fangasi hao huziba njia za maji, shinikizo hupanda, na mgonjwa anaweza kupofuka au kufa kwa shinikizo hilo hata dawa zikifanya kazi. Tunamtoa maji mililita 20 au 30 kwa mara moja, tena na tena, na nimeona watu walioletwa wakishika kichwa kwa mikono miwili wakiomba chai kabla hatujamaliza kufunga bandeji. Kumkatalia mgonjwa huyo sindano ni kumnyima tiba yenyewe. Kifua kikuu cha utando wa ubongo nacho huja polepole vivyo hivyo, na matibabu yake huchukua miezi 9 hadi 12.

Kuna pia yale yanayoshambulia uti wenyewe. Anayevua au kuoga ziwani, miguu ikianza kulegea kwa siku chache na mkojo ukakataa kutoka, asidhani ni mgongo wa kubeba mizigo. Mayai ya kichocho huweza kukwama kwenye uti wa mgongo yakauvimbisha, na prazikwanteli, dawa ya kichocho, pamoja na dawa za kutuliza uvimbe zikianzwa mapema huweza kumwinua mtu akatembea. Na virusi vya kichaa cha mbwa, vikishafika ubongoni, hatuna la kufanya. Kazi yote ni siku ya kuumwa: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha chanjo, siku hiyo hiyo.

Haya, watoto wawili waliobaki. Kama kijidudu kingejulikana ningekujibu kwa mstari mmoja. Meningokokasi, mmoja wa bakteria wa homa hii, huambukiza walio karibu kupitia mate na pumzi, na waliolala chumba kimoja na mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia, kwa mfano siprofloksasini dozi moja, ikiwezekana ndani ya saa 24. Huyo ndiye anayeleta milipuko katika ule ukanda unaotoka Senegal hadi Ethiopia, na upande wetu wa nchi mlipuko uliwahi kuonekana West Pokot mwaka 2006. Nimokokasi, bakteria mwingine, ambaye kwa mtoto wa umri wa mpwa wako huku kwetu ningemshuku kwanza, hahitaji dawa kwa jamaa. Hukaa puani mwa watoto wengi bila kuwadhuru. Kwa bahati, muda umeshalitatua hili: hatari ya kuambukizwa kutoka kwa mgonjwa ni kubwa katika siku za kwanza, na baada ya wiki mbili kutoa dawa ya kuzuia hakuna faida. Mwezi umepita, wote wawili wazima. Msinunue antibiotiki kwa kemisti "za kuwakinga."

Fungueni badala yake vijitabu vyao vya kliniki. Chanjo ya Hib, bakteria mwingine tena wa homa hii, iliyo ndani ya ile sindano moja yenye chanjo tano, ilianza kutolewa Kenya mwaka 2001, na ya nimokokasi mwaka 2011. Zote mbili hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Wa miezi minne angepaswa kuwa amemaliza zote tatu. Kama imeruka hata moja, aende Jumatatu, na hatalazimika kuanza upya. Hakikisheni pia alipata BCG, chanjo ya kifua kikuu, alipozaliwa, kwa sababu ndiyo inayomkinga mtoto mchanga dhidi ya kifua kikuu cha ubongo. Akifikisha miezi 6 muulizie chanjo ya malaria, ambayo ilizinduliwa nchini kule Homa Bay mwaka 2019. Na mgonjwa mwenyewe asisahaulike. Kuugua mara moja hakumkingi na aina nyingine za kijidudu hicho hicho, kwani ziko nyingi, na chanjo inakinga zile zinazoua zaidi, si zote. Ndiyo maana mtoto aliyechanjwa kikamilifu bado anaweza kuugua, na jirani akikuuliza "chanjo ilisaidia nini" mwambie wadi za watoto wa enzi za kabla ya Hib zilikuwa na vitanda vya ugonjwa huu ambavyo leo vina kazi nyingine.

Ningeomba pia mpwa wako apimwe selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, kama hajapimwa. Ukanda wetu wa ziwa una watoto wengi wenye ugonjwa huo, kwa sababu malaria imekuwa nyingi vizazi na vizazi, na anayeurithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Mwenye selimundu, wengu wake huacha kufanya kazi mapema, na nimokokasi humpata kwa urahisi mno. Akigundulika atahitaji penisilini ya kila siku katika miaka yake ya kwanza, na ndugu zake watapimwa pia. Kipimo cha VVU nacho kifanyike, na kama ana sikio linalotoa usaha mara kwa mara, mwambieni daktari wa masikio, maana huko nako ni mlango.

Kuhusu yule wa miezi minne, msisubiri shingo ikakamae. Kwa mtoto mdogo hivyo mara nyingi haikakamai. Ataacha kunyonya, atalia kilio chembamba kisichotulizwa, au atakuwa kimya kupita kawaida. Utosi utavimba akiwa ametulia na ameinuliwa, macho yatakodoa sehemu moja. Pengine hata homa hana, mwili umepoa. Hapo hakuna kungoja kuche. Mkienda kwanza zahanati iliyo karibu, mkapewa barua ya kwenda Kisumu, kabla ya kupanda gari au bodaboda muulizeni muuguzi: amepata dozi ya kwanza ya antibiotiki? Mwongozo unamruhusu kumpa pale pale, nayo itakuwa inafanya kazi njiani wakati nyinyi mko kwenye msongamano wa magari au mnatafuta nauli. Aandike saa aliyomdunga kwenye ile barua.